Soksi za Kupandia Mlima Kilimanjaro: Namna ya Kuzichagua na Kuzitunza

Mtu anayejiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro anaweza kukodi karibu kila kitu mjini Moshi au Arusha: buti, koti la baridi, suruali ya mvua, fimbo za kutembelea, mfuko wa kulalia na hata tochi ya kichwani. Soksi ni lazima awe nazo mwenyewe. Kwa kuwa huonekana kuwa kitu kidogo, ndizo hununuliwa mwisho, jioni ya kuamkia safari, kwa fedha iliyobaki baada ya mengine yote kulipiwa. Matokeo yake hujitokeza siku ya pili au ya tatu, pale mpandaji mwenye pumzi nzuri na nguvu tele anapoanza kuchechemea kwa sababu ya lengelenge moja la kisiginoni.

Maelezo haya yamekusudiwa hasa kwa Mwafrika Mashariki anayepanda kwa mara ya kwanza, pengine katika yale makundi yanayolenga kufika kileleni tarehe 9 Desemba kuadhimisha Uhuru wa Tanganyika, wakati ambao mvua za vuli huwa bado zinanyesha msituni. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba soksi ya mlimani haipimwi kwa unene wake, ingawa hicho ndicho kipimo ambacho wengi wetu tunakitumia tukiwa dukani. Inapimwa kwa namna inavyoushughulikia unyevu. Mengine yote, kuanzia aina ya uzi hadi namna ya kuanika, yanatokana na hapo.

Kwa nini unyevu

Mguu uliofungiwa ndani ya buti hutoka jasho hata kwenye baridi kali. Ngozi iliyolowa hulainika na kushikamana na kitambaa kuliko ngozi kavu. Kila hatua inapopigwa, mifupa ya mguu husogea kidogo ndani huku ngozi ya juu ikiwa imeshikwa na soksi, na soksi nayo imeshikwa na buti. Tabaka za ngozi huvutana kinyume, huachana, na nafasi inayobaki kati yake hujaa maji. Hivyo ndivyo lengelenge linavyozaliwa. Watu husema limetokana na kusuguliwa, lakini kinachoharibu zaidi ni huko kuvutwa kwa ngozi kwa ndani, maelfu ya mara kwa siku, na ndiyo sababu lengelenge linaweza kumpata mtu ambaye buti lake halimbani popote.

Upande wa pili ni baridi. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, na soksi hutia joto kwa sababu imeshika hewa kati ya nyuzi zake. Hewa hiyo ikishachukuliwa nafasi na jasho, soksi nene hugeuka kuwa kitambaa baridi kilichouzunguka mguu. Mpandaji mwenye soksi ya wastani iliyo kavu yuko salama kuliko mwenye soksi nene iliyolowa, na tofauti hiyo huonekana wazi kabisa saa kumi za usiku akiwa juu ya mita 5,000.

Aina ya uzi

Tuanze na ile ya kuiacha nyumbani, yaani soksi ya pamba. Pamba hunyonya jasho vizuri, lakini hailiachii. Mchana mmoja katika msitu wa Machame, mojawapo ya njia za kupandia Kilimanjaro, unatosha kuilowesha, na katika unyevu wa kambini haitakauka hadi asubuhi. Soksi nyingi nyeupe za michezo zinazouzwa barabarani kwa mafungu ni za pamba, au za pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo. Zinafaa kwa kutembea mjini tu.

Sufu ya kondoo wa merino ndiyo inayopendelewa na wengi wanaokaa mlimani muda mrefu, na mimi nakubaliana nao. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko za sufu ya kawaida, kwa hiyo haziwashi. Uzi wa sufu unaweza kuvuta unyevu unaokaribia asilimia 30 ya uzito wake mkavu kabla mguu haujahisi kwamba soksi imelowa, na kwa kuwa nyuzi hizo zina mikunjo ya asili, huendelea kushika hewa kiasi hata zikiwa na unyevu. Aidha, sufu haikamati harufu haraka, jambo ambalo si dogo pale watu wawili au watatu wanapolala hema moja kwa siku sita.

Hata hivyo, soksi ya sufu tupu, asilimia 100, si bora kama inavyosikika. Huchakaa upesi kisiginoni na kwenye vidole, hulegea, na huchukua muda mrefu kukauka. Inayofaa ni ile ya mchanganyiko: sufu kati ya nusu na asilimia 70, nailoni ya kuipa uimara kwa sehemu kubwa ya kiasi kinachobaki, na spandeksi asilimia chache ili irudi katika umbo lake baada ya kuvutwa. Ukipata lebo yenye mchanganyiko wa namna hiyo, umeshamaliza nusu ya kazi.

Soksi za poliesta au nailoni bila sufu zina nafasi yake. Hukauka haraka, bei yake ni nafuu, nazo hudumu. Kasoro yake ni harufu, pamoja na kwamba zikilowa hazitii joto kama sufu. Zinafaa sana kwa matembezi ya siku moja katika Milima ya Usambara au Uluguru. Hata soksi ndefu za mpira wa miguu, ambazo wachezaji wengi wanazo tayari nyumbani, zinaweza kutumika katika safari kama hizo, maadamu si zile zinazobana shavu la mguu hadi kuacha alama. Kwa Kilimanjaro nisingezitegemea juu ya Horombo, kambi ya katikati katika njia ya Marangu.

Kununua dukani na kununua mitumba

Katika maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi, na katika maduka ya vifaa vya mlima ya Moshi na Arusha, soksi za sufu hupatikana lakini bei yake humshtua mnunuzi aliyezoea bei za mtaani. Wenye kujua huanzia mitumbani. Soko la Memorial mjini Moshi lina meza zilizojaa soksi kutoka Ulaya na Marekani, na kati yake hupatikana za kupandia milima ambazo zimevaliwa mara chache tu. Shida ni kuzitambua, kwa kuwa lebo ya karatasi huwa imeshatupwa zamani.

Shika soksi kwa mikono miwili, ivute kwa upana, kisha iachie. Ikirudi polepole au ikabaki imepanuka, mpira wake umekufa na itakunjamana ndani ya buti. Kisha ingiza mkono ndani hadi kisiginoni, utanue vidole vyako na uielekeze kwenye mwanga. Pale panapopitisha mwanga kuliko kwingine ndipo patakapotoboka. Ipapase kwa ndani upande wa wayo. Soksi ya mlimani huwa na vitanzi vidogo vya uzi kama vya taulo, na vikiwa vimelala na kushikana hadi kuwa ngozi ngumu, maana yake soksi hiyo ilifuliwa kwa maji ya moto na haitarudi kuwa laini tena. Soksi ya sufu iliyosinyaa huwa nene, fupi na nzito isiyovutika, na wauzaji wengine huisifu kwa unene huo huo. Usidanganyike.

Kama bado huna uhakika ni sufu au la, nunua jozi moja kwanza, toka nje ya kibanda, chomoa uzi mmoja mfupi kutoka upande wa ndani wa mdomo wa soksi, uushike kwa kibano au pini na uuguse kwa moto wa kiberiti. Sufu huungua kwa shida, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, hujizima yenyewe mara moto unapoondolewa, na kuacha jivu jeusi linalovunjika ukilifikicha kwa vidole. Pamba huwaka haraka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu la kijivu. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu kisichovunjika. Uzi wa mchanganyiko utatoa dalili mbili kwa pamoja, harufu ya nywele na kishanga kidogo, na hiyo ndiyo habari njema unayoitafuta. Ukiridhika, rudi kwa muuzaji ukachukue jozi nyingine za aina ile ile.

Soksi za mitumba zifuliwe na kuanikwa vizuri kabla ya kuvaliwa. Mpya nazo zifuliwe mara moja, kwani hutoka kiwandani zikiwa na dawa za kulainisha zinazopunguza uwezo wa kuvuta jasho.

Ukubwa, urefu na umbo

Soksi kubwa kuliko mguu ni hatari zaidi kuliko inayobana kidogo, kwa sababu kitambaa cha ziada hujikunja chini ya vidole au nyuma ya kisigino, na mkunjo mmoja wa unene wa shilingi unatosha kuharibu siku nzima. Namba za soksi huandikwa kwa makundi, kwa mfano 39 hadi 42 au 43 hadi 46, na mtu anayeangukia mpakani achague kundi la chini. Ukishaivaa, hakikisha kile kifuko cha kisigino kimekaa juu ya kisigino hasa, hakijapanda nyuma ya mguu. Pitisha kidole juu ya mshono wa vidole. Usiwe na uvimbe unaouhisi. Mshono mnene hauleti shida wakati wa kupanda, ila wakati wa kushuka, pale uzito wote unaposukuma vidole mbele.

Urefu uzidi shingo ya buti kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Soksi fupi inayoishia chini ya shingo ya buti huacha ngozi ya kifundo ikisuguliwa na ngozi ya buti, na juu ya mita 4,000, kwenye jangwa la mlima, huruhusu vumbi na changarawe kuingia. Katika Milima ya Rwenzori, kati ya Uganda na Kongo, hesabu ni nyingine kabisa: njia hupita kwenye matope na vinamasi, watu hutembea kwa mabuti ya mpira, na hapo soksi ndefu ya kufika chini ya goti ni ya lazima, tena ikunjwe juu ya mdomo wa buti ili buti lisichubue muundi. Kilimanjaro haihitaji hivyo.

Kuna hili la kuvaa soksi mbili. Linafaa, ila kwa masharti. Soksi ya ndani iwe nyembamba sana, laini, ya poliesta au sufu nyepesi, iliyoshika mguu bila mkunjo. Ya nje iwe ya unene wa wastani. Faida yake ni kwamba ule mvutano niliouelezea hutokea kati ya soksi na soksi badala ya ndani ya ngozi. Soksi zenye nafasi ya kila kidole, zinazofanana na glavu, hufanya kazi nzuri zaidi kwa watu ambao malengelenge huwatoka katikati ya vidole. Soksi mbili nene, ambazo ndizo wengi huzivaa kwa kuogopa baridi, ni kosa. Buti likijaa, mishipa hubanwa, damu haifiki vidoleni, na vidole hupoa licha ya sufu yote iliyovizunguka.

Kwa sababu hiyo, soksi na buti vichaguliwe pamoja. Unapokwenda kukodi buti, nenda na soksi utakazovaa mlimani, na nenda jioni, kwa kuwa miguu huvimba mchana kutwa, na mlimani huvimba zaidi. Simama juu ya kitu chenye mteremko, vidole vikiwa vimeelekea chini. Vikigusa ncha ya buti, chukua namba ya juu. Kisha jaribu kuvichezesha vidole vyote ndani. Visipocheza kwa uhuru hapo dukani, havitacheza huko Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele.

Jozi ngapi, na zivaliwe wapi

Kwa safari ya siku sita au saba, jozi tatu za unene wa wastani za kutembelea, mbili za ndani zilizo nyembamba, moja nene ya usiku wa kileleni na moja ya kulalia zinatosha. Anayebeba jozi kumi anabebesha watu mzigo wa bure, na mizigo ya wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, ina ukomo wa kilo 20.

Siku ya kwanza, iwe unaingilia lango la Marangu au la Machame, unatembea ndani ya msitu wa mvua unaofika takriban mita 2,800. Kuna joto, kuna matope, na mvua yaweza kunyesha hata nje ya masika. Soksi ya wastani, au nyepesi kwa mtu anayetoka jasho sana, ndiyo ya kuvaliwa hapo, na ichukuliwe kwamba itafika kambini ikiwa imelowa. Kutoka hapo hadi karibu mita 4,000 ni ukanda wa vichaka na nyasi, wenye ukungu wa alasiri. Vaa jozi ya pili. Ile ya kwanza ibanwe nje ya begi la mgongoni kwa pini ili jua la asubuhi na upepo vifanye kazi. Juu zaidi ni jangwa la mlima, kavu, lenye vumbi na jua kali, ambako soksi zilizoshindikana kukauka kwa siku mbili hukauka kwa saa chache.

Jozi ya kulalia ni ya kulalia tu. Isiguse buti, isitoke nje ya hema, isiazimwe. Hiyo ndiyo akiba yako ya mwisho, kwa maana kwamba hata mvua ikilowesha kila kitu kingine, miguu itakuwa na saa nane za ukavu kila usiku ili ngozi irudi katika hali yake.

Usiku wa kupanda kileleni kwa kawaida huanza saa sita, kutoka Kibo au Barafu, kambi zilizo kati ya mita 4,600 na 4,750 hivi, kuelekea mita 5,895. Kosa la kawaida ni kujilaza saa moja jioni ukiwa umevaa tayari ile soksi nene ili kuokoa muda. Ndani ya mfuko wa kulalia mguu hutoka jasho, na unapotoka nje unakuwa umeubeba unyevu huo kwenda nao kwenye baridi iliyo chini kabisa ya nyuzi 0. Soksi ya kileleni ivaliwe dakika ya mwisho, juu ya mguu mkavu, nayo iwe imelala ndani ya mfuko wa kulalia ili isiwe ya baridi. Kamba za buti zikazwe kwenye kifundo lakini zilegezwe juu ya vidole. Kila mnaposimama kupumzika, chezesha vidole.

Ukifika kileleni bado hujamaliza kazi ya soksi. Kushuka kutoka kilele cha Uhuru hadi Horombo ni karibu mita 2,200 kwa siku hiyo hiyo, na wanaoshukia njia ya Mweka hushuka zaidi. Hapa ndipo kucha hugeuka nyeusi. Ukirudi Kibo au Barafu, vua ile soksi nene, kung'uta changarawe, pangusa mguu, vaa jozi ya wastani iliyo kavu, kisha kaza kamba za buti sehemu ya mgongo wa mguu ili usiteleze mbele. Wengi huwa wamechoka mno kulifanya jambo hili. Hata kama umechoka, lifanye.

Matunzo ya kila jioni kambini

Maji ya kunawa yanapoletwa kwenye beseni, anza na uso na mikono, miguu iwe ya mwisho, kisha ikaushe hadi katikati ya vidole. Geuza soksi ulizovua, uzikung'ute kwa nguvu, kwa sababu vumbi la Kilimanjaro ni laini sana, na likichanganyika na jasho husaga ngozi na nyuzi kwa pamoja. Zitundike ndani ya hema. Nje zitapata umande, na alfajiri utazikuta zimekakamaa kwa barafu.

Kuzifua mlimani si lazima, na mara nyingi haiwezekani. Katika njia ya Machame maji ya mwisho ya kuchota yako Bonde la Karanga. Barafu hakuna maji, na yale unayoyanywa huko yamebebwa kichwani na mtu. Anayepitia Marangu kwa siku sita, akawa na siku ya ziada ya kuzoea hali ya hewa Horombo, anaweza kusuuza jozi moja kabla ya saa nne asubuhi, ndani ya beseni, bila sabuni, na kumwaga maji mbali na kijito. Usifulie kijitoni, wapishi wa makundi yote huteka humo.

Kwa soksi yenye unyevu kidogo, ipo njia nzuri ya kuikausha usiku. Omba maji yaliyochemka, yatie kwenye chupa ngumu inayohimili moto (chupa ya maji ya dukani itanywea na kuvuja), kaza kifuniko, uigeuze chini juu kuhakikisha haivuji, kisha ivishe soksi na uiweke ndani ya mfuko wa kulalia usawa wa miguu. Usiku miguu inapata joto, asubuhi soksi imekauka, na maji yaliyomo ni ya kunywa njiani. Soksi inayochuruzika maji isitiwe humo kamwe, maana italowesha mfuko wenyewe. Ibonyeze kwanza maji yatoke, uisubirishe jua la kesho. Na usiianike juu ya jiko la mpishi. Sufu husinyaa, nailoni huyeyuka, na mpishi hatafurahi.

Unapotembea, ukihisi sehemu moja ya mguu inapata moto, mwambie mwongozaji msimame papo hapo. Vua buti, nyoosha soksi, kausha ngozi, bandika plasta ya kitambaa iliyokatwa kona zake kwa mviringo ili isifumuke. Dakika tano za wakati huo ni bora kuliko siku mbili za kuchechemea. Waongozaji wazuri hawachukizwi na ombi hilo.

Tahadhari moja ya kisheria: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilifanya hivyo mwaka 2017. Soksi kavu zihifadhiwe ndani ya mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji, ule unaofungwa kwa kukunjwa mdomo.

Kufua nyumbani

Ukirudi, zigeuze ndani nje, maana uchafu wa mguu, chembe za ngozi na chumvi ya jasho viko upande wa ndani. Ziloweke nusu saa katika maji ya baridi au vuguvugu, zibonyeze kwa viganja hadi maji yatoke meusi, mwaga, rudia. Sabuni iwe laini. Sufu ni nywele za mnyama, kwa hiyo shampuu ya kawaida huifaa vizuri. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa si rafiki yake, kwa sababu vimeng'enya hivyo vimetengenezwa kuvunja protini, na sufu yenyewe ni protini. Jiki na dawa nyingine za kung'arisha zenye klorini huila sufu na kuua spandeksi. Dawa za kulainisha nguo nazo ziachwe, kwani hufunika nyuzi kwa mafuta na kuzifanya zishindwe kuvuta jasho.

Kitu kinachosinyaza sufu ni maji ya moto yakiandamana na kufikichwa. Nyuzi zake zina magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, ambayo kwa joto na msukosuko hushikana yasiachane tena. Kwa hiyo usizisugue kwa nguvu kama unavyofua jinzi, wala usizisonge kwa kuzikamua. Zilaze juu ya taulo kavu, likunje na kulibana ili linyonye maji, kisha zianike kivulini penye upepo, zikishikwa na vibanio upande wa vidole. Jua kali la mchana, hasa juu ya bati, hukausha haraka lakini huchosha mpira wa mdomo wa soksi. Mwenye mashine ya kufulia atumie mzunguko wa sufu na maji ya baridi, asizitie kwenye mashine ya kukaushia.

Kuhifadhi, kushona na kuacha

Soksi chafu ya sufu isiwekwe kabatini. Viwavi wa nondo wa nguo hula sufu, na huvutwa zaidi na ile yenye jasho. Zifuliwe, zikauke kabisa, zikunjwe kwa kulazwa moja juu ya nyingine, si kwa kuvingirishwa na kufunikwa na mdomo wa mojawapo, maana hivyo mpira hukaa umevutika kwa miezi. Pwani, ambako unyevu wa hewa huleta ukungu kabatini, zitolewe nje mara kwa mara zipate hewa. Vidonge vya naftalini hufukuza nondo, ila soksi zipigwe upepo na kufuliwa kabla ya kuvaliwa tena.

Tundu dogo linaweza kuzibwa kwa sindano butu na uzi wa sufu, kwa kupitisha nyuzi sambamba kisha kuzifuma kwa nyuzi nyingine zinazozipita kwa kukingama, bila kuvuta hadi kitambaa kijikunje. Zibo la namna hiyo linafaa juu ya mguu au kwenye muundi. Kisiginoni na chini ya vidole litakuwa uvimbe, nao utazaa lengelenge, kwa hiyo soksi iliyotoboka hapo iache kazi ya mlimani, ivaliwe nyumbani. Hali kadhalika ile ambayo vitanzi vya wayo vimelala kabisa, hata kama haijatoboka.

Wapandaji wengi huwaachia wagumu soksi mwisho wa safari, na ni jambo jema iwapo soksi bado ina uhai. Yule anayezipokea atapanda tena wiki ijayo, akiwa na mzigo. Mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project, wenye ofisi Moshi, huwaazima wapagazi nguo na vifaa vya mlimani bila malipo na hupokea michango ya vifaa hivyo. Ukipeleka soksi, zipeleke zimefuliwa na zimefungwa jozi kwa jozi.